Bwana Boksi na Fomu Niliyoichana

Neema na Yoeli, ninyi mnaolirithi darasa langu la Buffalo, najua kabati mmeshalifungua, na najua mmekutana na vitu viwili vya kushangaza. Cha kwanza ni mtu wa boksi, mrefu kuliko Neema, mkono wake wa kulia umebandikwa kwa plasta ya hospitali. Cha pili ni faili lililoandikwa "Fomu za Kupima Waombaji", na ndani yake hamna hata karatasi moja. Yoeli, mtu wa boksi unamfahamu tangu Columbus. Hilo faili hakuna anayelijua vizuri kuliko mimi, na kwa ajili yake binti mmoja nusura aukose udaktari. Aliyekaribia kumkosesha ni mimi niliyewaandikia haya. Sasa nimestaafu, nina muda na nina chai, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo. Vyeo sitavitaja, maana siku ya kwanza nilikuwa mwalimu na siku ya mwisho nilikuwa mwalimu.

Nilifika Louisville, huku Marekani, na mume wangu tukitokea kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, ambako nilikuwa nikifundisha Kiswahili na uraia. Sisi Warundi tuliokulia Tanzania tunakijivunia Kiswahili chetu kupita kiasi. Mtu akisema "kitabu yangu" mbele yetu, tunashtuka kana kwamba ametukanyaga. Likumbukeni hilo, litanitia aibu huko mbele. Louisville hakuna aliyehitaji mwalimu wa ngeli, basi mchana nikawa napanga vifurushi ghalani na jioni nasoma sosholojia chuoni. Mume wangu alikuwa akiuliza sosholojia inatibu nini. Nilikuwa namjibu kwamba inatibu maswali kama lake.

Kanisa letu la pale Beechmont lilikuwa na vijana waliotaka kuwa madaktari. Mtihani wa kuingia shule ya udaktari una sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia, na watoto wa sayansi huidharau sehemu hiyo mpaka siku inapowaangusha. Bi Loretta, nesi mstaafu, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mitaa hiyohiyo, alikuwa akiwafundisha biolojia bure katika chumba cha chini cha kanisa. Akasikia kuna mama Mrundi anayesoma sosholojia. Akanifuata mlangoni baada ya ibada, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka nikakubali.

Siku yangu ya kwanza niliingia na kalamu nyekundu mfukoni na kifua mbele. Wanafunzi walikuwa saba. Kazi yangu ilikuwa kuwafafanulia kwa Kiswahili yale maneno ya Kiingereza yanayowachanganya. Nikaandika ubaoni "prejudice", mbele yake "ubaguzi". Chini yake nikaandika "discrimination", na mbele yake, bila kupepesa macho, "ubaguzi". Kisha nikawasomea swali la mazoezi. Meneja hawapendi wageni, na akiwa nyumbani huwasema vibaya. Kazini huwaajiri na kuwapandisha kama wengine, kwa kuwa anaiogopa sheria. Meneja huyu ana nini? Wote saba wakachagua "discrimination". Nikawapongeza. Tukageuza nyuma ya kitabu, na kitabu kikasema "prejudice".

"Mwalimu, si yote ni ubaguzi?" akauliza msichana wa mbele.

"Yote ni ubaguzi," nikamjibu kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. "Hapa mchapaji amekosea."

Bi Loretta alikuwa nyuma akiosha vikombe. Alikuwa hajui Kiswahili, ila majibu ya kitabu alikuwa anayajua, na uso wangu aliweza kuusoma. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Wanafunzi walipoondoka akanikalisha, akanifanya nimweleze nilichowajibu.

"Mwanangu, mchapaji wa watu umemsingizia," akasema. "Ngoja nikuambie mambo ya wodini. Kulikuwa na mgonjwa aliyenichukia mpaka anatetemeka. Lakini saa ya sindano ikifika ananyoosha mkono, anasema asante, na hakuwahi kunifanyia baya lolote. Halafu kulikuwa na mkubwa wangu aliyenipenda kama dada yake. Kadi ya Krismasi kila mwaka. Na kila mwaka nafasi ya usimamizi inamwendea mwingine, kwa sababu, eti, familia za wagonjwa hazijazoea. Haya, sosholojia. Nani ana chuki na nani amenibagua?"

Kwa Kiswahili changu kizuri sana, wote wawili ningewaita wabaguzi, na kwenye mtihani ningekosa nusu ya maswali.

"Mimi ni nesi," akasema. "Siwezi kutibu kitu nisichojua kinakaa wapi. Kila neno liulize linakaa wapi mwilini."

Hapo ndipo alipozaliwa Bwana Boksi. Nilileta kutoka ghalani boksi kubwa la friji, mwanafunzi mmoja akalala juu yake sakafuni, wenzake wakamchora pembeni, tukamkata. Kichwani tukabandika dhana mgando, yaani yale mtu anayoyaamini juu ya kundi zima: "Wageni hawaelewi maelekezo." Moyoni tukabandika chuki bila kisa, ambayo ndiyo "prejudice": "Sitaki wakae karibu nami." Mkononi tukabandika ubaguzi wenyewe: "Kazi nimempa mwingine." Neno ubaguzi nikalitoa kabisa kichwani na moyoni, nikaliacha mkononi peke yake. Kuanzia siku hiyo likanitii.

Na hapa ninyi wawili chukueni kalamu. Mwanafunzi akikwama, mwambieni atafute kitenzi. Swali likisema mtu anadhani, anahofia, anadharau, jibu liko juu ya kiwiko, kichwani au moyoni. Likisema amekataa, amemruka, amempanga zamu mbaya, jibu liko mkononi. Pia waonyeni juu ya yule mbwa wa saikolojia aliyefundishwa kupambanua kengele moja na nyingine. Kiingereza nacho huita hiyo "discrimination", na kila mwaka yuko mwanafunzi anayemshtaki mbwa kwa ubaguzi. Mbwa wa watu hana kosa, anatofautisha kengele tu.

Bwana Boksi nilikuwa namsafirisha kwa basi la mji. Dereva mmoja aliniuliza kama huyo naye ana tiketi. Nikamwambia ni mtoto. Akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema mtoto huyo amekula vizuri.

Tulihamia Columbus mume wangu alipopata kazi upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege. Bwana Boksi alisafiri juu ya gari, na mkono wake wa kulia ukachanika njiani kwa upepo. Bi Loretta alikuwa amenipa plasta ya hospitali kama zawadi ya kuniaga. Sikujua aliwaza nini, lakini ilifaa. Darasa tulilifungua katika chumba cha kukodi juu ya saluni, na katika wanafunzi wa kwanza ulikuwemo wewe, Yoeli, ukiwa mbishi kuliko ulivyo sasa.

Neema, hili hulijui. Baba yake Yoeli alikuwa akitafuta nyumba ya kupanga. Mama mmoja mwenye nyumba akawapokea vizuri, akawapa keki, akacheza na wadogo zake Yoeli. Kisha akatoa karatasi: kila mpangaji lazima awe na historia ya mikopo ya miaka mingi. Kila mpangaji, awe nani. Familia iliyotoka kambini mwaka juzi ingeitoa wapi? Mama yule akasikitika kweli, machozi yakamlenga, akawafungia keki iliyobaki waende nayo. Yoeli alikuja darasani akasimama mbele ya Bwana Boksi na mikono kiunoni.

"Mwalimu, huyu mama hana neno baya kichwani," akasema. "Moyoni anatupenda. Mkono wake umetupa keki. Na nyumba tumekosa, sisi na Warundi wote ninaowajua. Nimbandike wapi?"

Nilizunguka boksi lile mara mbili. Mwishowe nikachukua karatasi tupu nikaibandika kwenye kiganja cha Bwana Boksi, upande wa plasta. Nikawaambia hii ndiyo sehemu ya nne: karatasi. Kanuni, fomu, sharti, desturi ya ofisi. Inamwambia kila mtu jambo moja, lakini kila siku mlango unafungwa kwa watu walewale. Vitabu vinauita ubaguzi wa kitaasisi, na hauhitaji mtu mbaya. Unaweza kuendeshwa na mama mwenye keki.

"Sasa nimkasirikie nani?" Yoeli akauliza.

"Mtihani hauulizi unamkasirikia nani. Unauliza inakaa wapi."

"Jibu la hovyo," akasema, na alikuwa na haki. Nilikuwa sijapata jibu bora zaidi, na nilikuja kulipata nilipokuwa mimi mwenyewe mama mwenye keki.

Kazi yetu ya Columbus ilipojulikana, jumuiya ya makanisa ya Buffalo ikaniomba nikaanzishe darasa kule East Side. Mume wangu alitazama theluji kwenye simu, akasema anaenda kwa ajili ya mapenzi tu. Waombaji walikuwa wengi, karibu wote watoto wa Wakongo kutoka Kivu, na wachache Warundi, Watanzania na Mkenya mmoja. Nikaona nahitaji utaratibu. Kwa kuwa mada ngumu tulikuwa tunazieleza kwa Kiswahili, nikatunga fomu ya ukurasa mmoja: jieleze wewe na kazi yako kwa Kiswahili, sentensi tano. Atakayeandika vizuri aingie Kundi la Kwanza, tuanze mazoezi ya mtihani moja kwa moja. Mwingine aingie Kundi la Pili, aanze na misingi taratibu. Niliisahihisha kwa kalamu nyekundu nikiwa na raha zote. Miaka mingi nilikuwa sijasahihisha ngeli.

Furaha Nabintu alikuwa na miaka ishirini na tano, amemaliza chuo, anatunza wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Mtihani alishaufanya mara moja, na sehemu ya sosholojia ndiyo iliyomwangusha. Nyumbani walikuwa wamekubaliana ajaribu mara moja tu tena, kwa sababu mama yake alikuwa ameumia mgongo kiwandani na wadogo zake walikuwa watatu. Akishindwa, udaktari anauweka kando. Haya yote aliyaandika kwenye fomu yangu. Aliandika pia, "Ninatumika na bazee." Nikapiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni, "Wazee wanakutumia? Kwa nini?" Nikamtia Kundi la Pili.

Sikujua, na kwa kweli sikuuliza, kwamba Kiswahili cha kwao kutumika ni kufanya kazi. Katika Kiswahili nilichofundishwa mimi, sabuni ndiyo hutumika.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi moja nikayakutanisha makundi yote mawili kuwaonyesha Bwana Boksi. Kichwa kikaenda vizuri, moyo ukaenda, mkono ukawachekesha kwa ile plasta. Nikafika kwenye karatasi, nikaeleza habari ya nyumba na keki, nikasema kwa mbwembwe, "Haya, nani ataniletea mfano wake?"

Furaha akanyoosha mkono. Alikuwa bado na sare ya kazini.

"Bon, Mwalimu. Mfano iko humu ndani."

"Wapi?"

"Angalia ule upande," akasema, akionyesha Kundi la Kwanza. "Ba Tanzania, ba Burundi, na ule wa Kenya. Sasa angalia huku kwetu. Shiye yote ni ba Congo. Hakuna mutu alitutukana. Unatupendaka, tunayua. Donc ni karatasi tu njo ilitugawanya."

Kijana mmoja wa Kundi la Kwanza akaanza kutazama viatu vyake.

"Fomu ni ileile kwa wote," nikasema. Nilijisikia nikisema hivyo. Ni maneno ya mama mwenye keki, neno kwa neno.

"Njo vile unatufundisha, Mwalimu. Ileile ku batu yote." Sauti yake ikashuka. "Mimi examen yangu inabakia wiki tano. Group yenye ulinitia itafika ku ile chapitre examen ilishapita. Na ku nyumba tulishasikilizana. Nikianguka, inaisha."

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nilisema muda umekwisha wakati ulikuwa haujaisha, nikakusanya vitu vyangu, nikamsahau hata Bwana Boksi. Njia nzima nilikuwa nikijitetea kwa sauti ndani ya gari, na mume wangu, aliyekuwa akiendesha, akaitikia "mm" tu. Alinijua. Nyumbani nikalitoa faili ili nithibitishe kwamba nilitenda haki.

Nikazisoma fomu upya, moja baada ya moja, mezani, na chai ikipoa. Furaha alikuwa ameandika sentensi tano zilizonyooka, zenye akili, kuhusu namna ya kumgeuza mzee kitandani asipate vidonda. Mistari yangu myekundu ilikuwa mingi kuliko maneno yake. Nikajifariji kwamba ni karatasi tu, mimi sina neno moyoni. Kisha nikafika kwenye fomu ya yule Mkenya. Nusu yake ilikuwa Kiingereza kitupu. "Mimi niko na passion ya healthcare," aliandika kijana wa watu, na mimi niliyeshtuka kwa "bazee" nilikuwa nimempa alama ya vema na kuandika "Safi". Hapo nikajua kwamba mambo hayaishii kwenye karatasi. Nimekisikia Kiswahili cha Wakongo tangu kambini, na kila nilipokisikia nilijiona niko juu kidogo. Dharau hiyo ilikuwa imekaa moyoni, kimya, miaka yote hiyo, na mkono ukaitengenezea fomu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya Bwana Boksi. Nikachukua fomu moja tupu nikaibandika kwenye kiganja chake. Nikaandika jina langu kwenye kipaji cha uso wake, Godeliva, kwa kalamu nyekundu, wanafunzi wakaguna. Nikawaomba radhi. Kisha nikaibandua fomu ile nikaichana, na nyingine zote nikazichana, na makundi yakafa palepale. Nilimgeukia Furaha.

"Wiki nne nimekupotezea. Nitakulipa kila asubuhi kabla hujaingia kazini."

"Mwalimu, minaingia saa moja ya asubuyi."

"Basi tutaonana saa kumi na moja."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Utakufa na baridi, Mwalimu."

Sikufa, ila nilikaribia. Tulikuwa tunakutana katika chumba cha kulia cha ile nyumba ya wazee, kwa ruhusa ya msimamizi wake. Alikuwa anasoma haraka kuliko nilivyoweza kufundisha. Kosa lake moja lilikuwa kuwaonea huruma watu wa kwenye maswali: meneja anaogopa, mwenye nyumba ana shida zake. Nilimwambia awahurumie baada ya kujaza jibu. Na mimi nilikuwa nasoma kwake. Nikijibiwa neno nisilolijua nilikuwa nauliza maana kabla ya kushika kalamu, na siku ya tatu kalamu nyekundu nikawa naiacha nyumbani. Yoeli, jibu nililokunyima Columbus ni hili: hasira yako peleka kwenye karatasi, halafu mtafute mwenye uwezo wa kuichana. Mara nyingine anafurahi kuombwa. Mara nyingine anakasirika kwanza, kama mimi.

Siku ya mtihani sikuweza kula. Ilipofika jioni akanipigia, akasema hajui, ila maswali ya moyo na mkono yalikuwa yanamkonyeza. Matokeo yalipotoka alikuja mwenyewe mlangoni kwetu, kwenye theluji, hana hata kofia. Alininyooshea simu tu. Nilisoma, nikapiga vigelegele mpaka jirani akafungua dirisha. Shule ya udaktari iliyompokea iko humuhumu mjini, na mama yake anaendelea kumpikia sombe, kisamvu cha kwao, kila Jumapili kana kwamba ameenda mbali.

Kwa hiyo faili tupu liacheni tupu. Likianza kuwasumbua kwa nafasi yake kabatini, na mkaona mngeweza kutunga fomu ndogo tu, nzuri, ya haki kwa wote, mwiteni kwanza Bwana Boksi akae nanyi mezani.

Mwezi uliopita kulikuwa na sherehe ya kuniaga, na mlikuwepo. Lakini kadi niliyopewa hamkuisoma, kwa sababu niliificha kwenye mkoba nisije nikalia mbele za watu. Furaha aliiandika, akiwa na koti lake jeupe la mwanafunzi, na wote walioanzia Kundi la Pili wakatia majina. Ina mstari mmoja tu: "Aksanti Mwalimu, ulitumika muzuri."

Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkobani, na haikutoka. Kwa Kiswahili chao wanasema nilifanya kazi vizuri. Kwa changu wanasema nilipata kutumika, tena vizuri, kama sabuni. Kadi nimeibandika jikoni, na kila asubuhi naisoma kwa Kiswahili kimoja, halafu kwa kingine, na bado sijaamua ni kipi kinanifurahisha zaidi.